Tua Mzigo Uone Mlima

Tua mzigo uone mlima.

Usigeuze uso. Wewe, ndiyo, wewe unayesoma huku mlima uko mgongoni kwako. Umezaliwa chini ya Meru, umenyweshwa maji yake kabla hujaota meno, lakini ukiulizwa juu kukoje unatazama viatu. Nyumba zenu nazipita kila siku. Milango yote imeelekea barabarani, na upande wa mlima mmejenga choo. Wachezaji wa Ulaya mnawajua kwa majina, hata wale wa akiba ambao hawajawahi kugusa mpira. Vilele vyenu wenyewe hamvijui. Babu zenu waliondolewa hapa kwa nguvu enzi za mkoloni, wakahangaika mpaka wakarudi, ili ninyi mje mkae hapa na kuupa mlima kisogo!

Halafu jana, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mkamsikia mama mmoja akimwambia mumewe, "Baba nanii, tua mzigo uone mlima." Mkacheka. Mkanijia mbio, "Bibi, huo msemo umetoka wapi?"

Umetoka hapa hapa Ngare Nanyuki. Haukuletwa na redio. Kaeni niwaambie, na atakayechungulia simu nitamtaja jina.

Methali hii ilianza na swali la mtoto.

Alikuwapo kijijini mwanamume aitwaye Anaeli Nnko, mpagazi wa mlimani. Wapagazi huitana wagumu, na Anaeli alikuwa mgumu kati ya wagumu. Alibeba mahema, majiko, meza za kukunja, viti vya kukunja. Siku moja alibeba hata choo cha mgeni, cha plastiki, juu ya kichwa chake alichopewa na Mungu. Nilimwona akipita nacho, nikaapa sitasahau, na sijasahau.

Kazi ya upagazi ina mwendo wake, na msipouelewa huo hamtaelewa methali. Asubuhi mgeni anaondoka kambini taratibu, akipiga picha maua. Mpagazi anabaki kukunja mahema na kuosha masufuria. Kisha anajitwisha, anakimbia, anampita mgeni njiani, ili mgeni akifika akute hema limesimama na chai inachemka. Mpagazi ni mtu wa kutangulia. Na kwa kuwa mzigo umekaa kichwani, shingo haigeuki wala hainyanyuki. Macho yake yanajua visigino vya mgumu aliye mbele, na kama hakuna aliye mbele, yanajua vidole vyake mwenyewe. Ndivyo Anaeli alivyopanda na kushuka Meru, mwaka baada ya mwaka, mpaka mvi zikamwanza.

Alikuwa na binti, Eliwaza, wa darasa la sita. Siku moja mwalimu akataka watoto waeleze mlima wao ulivyo huko juu. Darasa zima likamgeukia Eliwaza. Nani mwingine? Si baba yake ndiye anayeshinda huko? Jioni akamkalia baba yake mbele ya sahani.

"Baba, juu kukoje?"

"Kuna baridi."

"Na nini kingine?"

Anaeli akafikiri. Alifikiri kweli kweli, mpaka ugali ukapoa.

"Na mawe," akasema.

Kesho yake Eliwaza akasimama mbele ya wenzake, akatangaza kwamba juu ya Meru kuna baridi na mawe. Mnacheka? Na wao walicheka. Mvulana mmoja akapaza sauti, "Hata friji ya Mangi dukani ina baridi! Tieni jiwe ndani, tayari mmepanda Meru!"

Eliwaza hakulia. Alirudi nyumbani, akamkuta baba yake anashona mkanda wa begi, akasimama mbele yake kama askari wa zamu.

"Baba, nipeleke juu."

"Kufanya nini?"

"Tusimame pale, mimi na wewe. Uninyooshee kidole: hiki ni hiki, kile ni kile. Sitaki uniambie, nataka unionyeshe. Halafu nirudi niwaambie wale."

Anaeli angeweza kumfukuza. Hakumfukuza. Kitu fulani katika ule ugali uliopoa kilikuwa bado kinamkwama kooni. Akasema, "Likizo ya Juni, tutakwenda mpaka Meru Ndogo." Hicho ndicho kilele kidogo, ubavuni mwa kile kikubwa.

Mtoto akapiga yowe, kuku wakatawanyika. Habari ikaenea kijijini kabla ya jua kuzama. Anaeli anakwenda mlimani kutalii! Watu wakashika mbavu. "Basi kesho mchinjaji naye ataomba apigwe picha na ng'ombe!" Eliwaza hakuwajali. Aliazima begi kwa binamu yake, akalijaza, akawa kila jioni analibeba mgongoni akizunguka mashamba ya nyanya, huku akijihesabia hatua kwa sauti kama mwanajeshi. Alikuwa amejiapiza kulibeba mwenyewe mpaka juu.

Meru haupandwi ovyo. Chini kuna nyati, kwa hiyo kila kundi linaongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Wao walipewa mwanamama wa Mbulu, Afande Tluway, mwembamba, asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwa na haja ya kuipandisha.

"Shikamoo, Afande," Eliwaza akasema, akirukaruka kama maharage kwenye chungu.

"Marahaba, mwanangu. Sheria yangu ni moja. Bunduki inatangulia, watu wanafuata. Atakayeitangulia bunduki anarudi nyumbani, hata awe mkuu wa mkoa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!"

Pale getini alikuwapo mgumu mwenzake Anaeli, jina lake Lomnyaki, akisubiri wageni wake. Akamwona Anaeli amevaa kofia mpya, akaanza.

"Oo, mheshimiwa! Leo umekuwa mgeni? Nikubebee begi, au nikubebe na wewe mwenyewe?"

"Nibebee mdomo wako," Anaeli akamjibu, "ndio mzito kuliko vyote."

Wakacheka. Na katikati ya kicheko hicho, mikono ya Anaeli ikafanya ilichozoea. Ikachukua begi la mtoto, ikalifunga pamoja na lake, na sufuria, na blanketi, yote ndani ya kiroba kimoja. Ikakunja kanga ikawa ngata. Kiroba kikapanda kichwani.

"Baba! Begi langu!"

"Begi lako liko salama kuliko benki."

"Lakini nimefanya mazoezi! Nilitaka kulibeba mwenyewe!"

"Nani kakudanganya kwamba mtoto wa mgumu anabeba? Mimi nimebeba miaka yote hii ili wewe usibebe. Haya, twende."

Oneni sasa. Hakuwa baba mbaya. Alimpokonya mtoto safari yake kwa upendo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia. Eliwaza akabaki na chupa ya maji mkononi, mgongo mtupu.

Lakini msitu haukumwacha anune muda mrefu. Twiga walitoa vichwa juu ya miiba na kumkagua kama wakwe. Mbega walirukaruka juu ya miti, weusi kwa weupe, majoho yakipepea kama wanakwaya waliochelewa ibada. Wakafika kwenye mtini mkubwa uliosimama juu ya njia kwa miguu miwili, umeacha uwazi ambao tembo anapita bila kuinama. Eliwaza akapita chini yake, akarudi, akapita tena.

"Baba, njoo uone! Baba, umewahi kuona hiki?"

Baba yake alikuwa amepita chini ya mti ule mara zisizo na idadi. "Kuna nini?" akauliza kutoka chini ya kiroba. Alijua tu kwamba hapo pana mzizi wa kujikwaa.

Baada ya hapo ndipo miguu ilipomchukua. Mwanzo alitembea nyuma yao. Kisha akawa sambamba nao. Afande alipopiga magoti kumwonyesha Eliwaza kwato mbichi kwenye matope, Anaeli akawapita wote wawili kwa mwendo ule ule wa kazi, hatua fupi fupi za haraka. Afande hakushtuka. Masikio yake yalikuwa yamezoea. Njia nzima ya mlima imezoea. Nani hugeuka kumtazama mpagazi anayempita?

Waliponyanyuka na kuingia kwenye uwanda wa nyasi, Afande akasimama ghafla, kiganja hewani.

Ng'ambo ya uwanda alikuwa Anaeli, kiroba kichwani, anakatiza nyasini. Na mbele yake, pembeni mwa kichaka, alikuwa nyati. Dume zee, limefukuzwa na kundi, pembe zimekunjana kama paa la nyumba. Hao wa peke yao ndio wabaya. Nyati alikuwa amekwisha kunyanyua pua. Anaeli alikuwa anaelekea puani kwake moja kwa moja, anatazama vidole vyake.

Afande alikuwa ameshaitoa bunduki begani. Akalenga, akaishusha. Anaeli alikuwa katikati, kati ya risasi na nyati.

"Mwite," Afande akanong'ona. "Sauti yako ndiyo ataisikia. Asimame. Asikimbie."

"Baba!" Eliwaza akaita.

Anaeli akainua mkono bila kugeuka. "Nawahi! Mtakuta maji yameshachemka!"

"Baba, simama!"

"Nawahi, mama, nawahi!"

Hapo mtoto akaelewa. Baba yake hawezi kuona. Si kwamba hataki, kiroba kimemfumba. Akavuta pumzi yote iliyokuwa uwandani pale, akalia kwa sauti ambayo wapagazi waliokuwa getini waliapa baadaye kwamba waliisikia:

"Tua mzigo, baba! Tua mzigo uone!"

Anaeli akasimama. Si kwa hofu. Alisimama kwa mshangao. Mlimani alikuwa ameambiwa haraka, amefokewa uko wapi, ameulizwa mbona umechelewa. Hakuna mtu, tangu aanze kazi ile, aliyewahi kumwambia tua. Shingo yake haikujua la kufanya. Akainamisha kichwa, kiroba kikaanguka, sufuria likalia ngwaa! Akainua macho.

Nyati alikuwa karibu kiasi cha kuhesabu nzi waliokaa kwenye kope zake.

"Usikimbie," sauti ya Afande ikaja, ya chini vile vile. "Rudi kinyumenyume. Mwachie mzigo."

Anaeli akarudi hatua. Akarudi nyingine. Nyati akaja mpaka kwenye kiroba, akakinusa, akakichukia. Akakichomeka pembe, akakirusha juu, akakikanyaga. Chapati zote za mama Eliwaza zikawa udongo. Alipoinua kichwa, sweta la shule la Eliwaza lilikuwa limening'inia kwenye pembe ya kushoto, na akaondoka nalo msituni, polepole, mnyama mwenye hadhi, kama mwanafunzi aliyehamishiwa shule nyingine.

Hakuna aliyecheka. Bado.

Afande alimfikia Anaeli, akamtazama juu mpaka chini kuhakikisha kwamba ni mzima. Kisha akasema, "Tunarudi."

"Afande," Anaeli akaanza, "mimi ni mtu wa mlima huu. Nimeupanda kuliko wewe."

"Umeubeba, mzee. Kuupanda sijui. Nilisema hata mkuu wa mkoa. Geuzeni."

Eliwaza akaona Meru Ndogo inamponyoka, na baba yake aliyetakiwa kumnyooshea kidole amesimama pale akitazama kanga iliyochanika. Akamshika Afande mkono wa koti.

"Afande, nakuomba. Mwache aanze upya. Hata mtoto akikosea hesabu anarudia."

"Na nani ataishika ile miguu? Ile miguu imefundishwa. Ikisikia harufu ya kambi itakimbia tena."

"Mimi nitaishika. Mimi nitatembea nyuma yako, na yeye nyuma yangu. Na begi langu nitabeba mwenyewe."

Afande akamgeukia Anaeli. Mnajua desturi yetu. Mwanamume wa Kimeru anatembea mbele, watoto wanafuata. "Mzee, utaweza kutembea nyuma ya mtoto?"

Anaeli akaiokota ile kanga, akaikung'uta. Mbega mmoja akaguna juu ya mti.

"Afande," akasema, "nimefuata visigino vya watu nisiowajua maisha yangu yote. Vya mwanangu ndivyo vitanishinda?"

Afande Tluway akaangalia pembeni, akajikohoza. Alipogeuka, bunduki ilikuwa imerudi begani. "Bunduki inatangulia," akasema. "Twende."

Wakaokota kilichookoleka. Eliwaza akavaa begi lake mgongoni, limepasuka pembe moja. Anaeli akavaa lake mgongoni pia, kwa mara ya kwanza, na shingo yake ikabaki uchi. Jamani, ile shingo! Mwanzo ilikaa imekakamaa kama mti wa uzio. Kisha ikageuka kushoto. Ikageuka kulia. Mpaka wanafika kibandani kulala, macho ya Anaeli yalikuwa yanarandaranda kama ndama aliyefunguliwa kamba.

"Eliwaza, yale manyoya ya kijani yanayoning'inia kwenye miti, yalikuwapo siku zote?"

"Baba, mimi ndiyo kwanza nimefika. Mwenyeji ni wewe!"

Siku iliyofuata njia ilisimama kama ngazi. Miti ikawa mifupi, mawingu yakabaki chini yao. Kila mara Anaeli alikuwa anakanyaga visigino vya mtoto.

"Eliwaza, ongeza mwendo. Tutachelewa."

"Tutachelewa nini, baba? Nani anatusubiri tumpikie chai?"

Anaeli akafungua mdomo kujibu. Akatafuta jina la mtu huyo. Hakulipata. Akasimama katikati ya njia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na Eliwaza naye akacheka, na hapo ndipo Afande alipokumbuka sweta la nyati na kushindwa kujizuia. Watu watatu wanacheka juu ya mawingu, bunduki imelazwa juu ya jiwe!

Kipande cha mwisho walikwenda wameshikana mikono. Upepo uliwasukuma vifuani. Eliwaza alikuwa hoi, lakini begi halikumtoka mgongoni. Akafika juu ya Meru Ndogo, baba yake nyuma yake, na mawingu yakapasuka.

"Ninyooshee, baba."

Anaeli akainua kidole.

"Ile ni kreta. Tazama ukuta wake ulivyokatwa! Na kile kichuguu cha majivu ndani yake, hicho ndicho kilichowaka zamani. Yale ni maziwa ya Momella, na ile rangi ya waridi pembeni ni ndege, Eliwaza, ni ndege watupu! Kule, juu ya mawingu, Kibo cha Kilimanjaro, na theluji yake! Na pale..." Kidole kikateremka bondeni. "Pale ni kwetu. Yale mabati. Ule mstari wa kijani ni nyanya zetu. Mwanangu, kumbe kwetu ni pazuri hivi? Na mimi nilikuambia baridi na mawe?"

Akalia machozi ya mtu aliyefanya kazi nyumbani kwake mwenyewe bila kukaribishwa ndani. Kisha akapiga mbinja, akaruka kama kijana aliyeposa na kukubaliwa, na Eliwaza akaruka naye.

Waliposhuka kwenye tandiko, pale kati ya vilele viwili, Lomnyaki alikuwa anawasili, furushi kichwani, hatua fupi fupi, macho kwenye vidole. Anaeli akamkimbilia.

"Lomnyaki! Tua mzigo uone mlima!"

"Wageni wako nyuma yangu, mgumu. Nitachelewa."

"Wageni wana miguu. Tua, nakuambia! Umefika hapa mara ngapi? Huu mlima una rangi gani?"

Lomnyaki akafungua mdomo wake mzito kuliko vyote, na haukutoa kitu. Akatua. Akageuka. Nyuma yake msururu mzima wa wagumu ukakwama, kila mmoja akiuliza kuna nini, na mmoja baada ya mwingine mafurushi yakateremka vichwani. Wakasimama wanaume wale, wameshika viuno, wanatazama. Siku ile chai ya wageni ilichelewa, na hakuna mgeni aliyekufa.

Tangu hapo wagumu wakifika pale huambiana maneno hayo. Yakateremka nao mpaka sokoni, mpaka mashambani, mpaka kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mtu anayejiua kwa kazi ya kuwalisha watoto ambao hajui wanacheka vipi, anaambiwa hivyo. Kijiji kinacholinda utajiri wa wengine bila kuuonja, nacho kinaambiwa hivyo.

Lakini ninyi mmeshaanza kuichafua. Mvivu akikwepa jembe anasema, "Natua mzigo." Koma! Anaeli aliendelea kubeba. Ila tangu siku ile alipumzika njiani, akanyoosha shingo, na mtu aliyemfokea kwa hilo alijibiwa.

Sasa mmejua, na aliyejua hana pa kujificha. Msiniambie mvua, msiniambie mavuno, msiniambie mwakani. Mwakani mtoto wako atakuwa na mzigo wake kichwani na hatakusikia ukimwita. Fungeni kitabu hiki. Wewe mwenye binti, wewe mwenye mvulana, simama sasa hivi, mwite kwa jina, mfungie begi alibebe mwenyewe. Nenda getini, omba askari, mwache mtoto atangulie, wewe fuata. Nami nitakuja kukuuliza juu kukoje, na safari hii sitakubali baridi na mawe.

Tua mzigo uone mlima.